Moto mmoja, vyumba vitatu: namna waya za boila zinavyofungwa



Muhula huu sisi wa kalasi ya mwisho, sehemu ya umeme, tulipewa kazi moja iliyotushinda siku nne nzima. Mwalimu wetu alitoa katika maktaba kitabu cha zamani cha Uingereza, akachora ubaoni nyumba ya huko, yenye boila moja na radiata nyingi, akatuambia: "Fungeni waya za nyumba hii." Hakuongeza neno. Wengine walicheka wakasema: "Sisi hapa hatuna theluji, hiyo boila itatusaidia nini?" Leo hatucheki tena. Katika kazi ile tulijifunza jambo linalohusu kila mtu anayegusa swichi katika masomo haya, hata yule wa sehemu ya ualimu ambaye hajui tofauti ya fazi na nyutro. Ndiyo sababu tumeomba nafasi katika jarida letu.

1. Boila ni kitu gani?

Hapa kwetu milimani, baridi ya usiku tunaishinda kwa blanketi mbili, na nyumbani kwa makaa. Kule Uingereza baridi inakaa miezi mingi, na mzee anayelala katika nyumba isiyo na joto anaweza kufa. Basi nyumba nyingi za huko ziko na boila, ile tunaita kwa Kifaransa chaudière. Ni sanduku la chuma lililotundikwa ukutani, na ndani yake unawaka moto wa gesi. Moto unapasha maji. Pompi inayasukuma maji yale katika mabomba mpaka kwenye radiata, ndizo zile chuma bapa zinazokaa chini ya madirisha. Radiata zinatoa joto chumbani, maji yanapoa, yanarudi tena kwa boila. Tena kuna njia nyingine: maji yale yale ya moto yanapita katika bomba lililozungushwa ndani ya tangi, yanapasha maji ya kuoga bila kuchanganyika nayo.

Sasa angalieni vizuri. Moto uko mmoja. Pompi iko moja. Lakini wanaoomba joto ni watatu: vyumba vya chini, vyumba vya juu, na tangi la maji ya kuoga. Mchana watu wako chini, kwa nini kupasha vyumba vya kulala? Usiku wanapanda juu, kwa nini kupasha meza na viti? Gesi ni feza. Hata sheria ya Uingereza inataka nyumba mpya yenye meta za mraba 150 au zaidi iwe na sehemu za joto zisizopungua mbili, kila moja na amri yake.

Hapo ndipo shida inapoanza. Ni nani atamwambia moto kuwaka, na ni nani atamwambia kuzima?

2. Wafanyakazi watatu

Wa kwanza ni saa. Inatoa ruhusa tu: kutoka saa hii mpaka saa ile, mnaweza kuomba joto.

Wa pili ni thermostati. Ni swichi inayosikia joto. Ukiiweka kwa digri 20, na chumba kiko na digri 17, inafunga njia ya umeme ili umeme upite. Chumba kikifika digri 20, inakata. Thermostati ya tangi kwa kawaida inawekwa digri 60, sababu katika maji ya uvuguvugu kunaweza kuota vijidudu vinavyoitwa Legionella, ambavyo vinaharibu mapafu ya watu.

Wa tatu ni robine ya mota. Inafungwa kwenye bomba la kila sehemu. Ndani kuna mota ndogo na springi. Umeme ukifika, mota inazunguka pole pole, inafungua njia ya maji, kisha inasimama pale ikishikilia. Umeme ukikatika, springi inairudisha na njia inafunga. Kwa hiyo robine haihitaji amri ya kufunga. Ukiiacha tu, inafunga yenyewe.

Robine hii iko na waya tano, na hapo ndipo tulipopotea. Waya ya kahawia na waya ya buluu ni za mota. Waya ya kijani na manjano ni ya ardhi. Hizo tatu tulizielewa mara moja. Lakini kulibaki waya mbili, moja ya kijivu na moja ya rangi ya machungwa. Kitabu kilionyesha rangi zake, lakini ukurasa wenye maelezo ulikuwa umekatika. Mwalimu alitabasamu tu.

3. Kosa letu

Tulifanya hivi. Fazi inatoka kwa saa, inaingia kwa thermostati, inatoka kwa thermostati, inakwenda kwa waya ya kahawia ya robine. Waya za buluu zote tulizipeleka kwa nyutro. Mpaka hapo ni vizuri. Lakini boila nayo inapaswa kujua kwamba kuna mtu anaomba joto. Basi tukatoa waya nyingine pale pale penye kahawia, tukaipeleka kwa boila. Tukafanya hivyo kwa sehemu zote tatu, na waya tatu tukaziunganisha pamoja mahali pamoja penye mlango wa boila. Zile mbili zilizobaki, kijivu na machungwa, tukazikunja tukasema: "Hizi ni za akiba."

Tulifurahi sana. Mmoja wetu alipiga mstari chini ya mchoro kwa wino mwekundu. Mwalimu akasema: "Vema. Sasa fanyeni hiyo kwa ubao."

Tulichukua ubao wa seremala. Swichi tatu zilikuwa thermostati. Taa tatu ndogo zilikuwa mota za robine. Taa moja kubwa ilikuwa boila. Tukaweka umeme, tukafunga swichi moja tu, ile ya chini.

Taa zote zikawaka. Zote nne!

"Ee, wewe umefunga swichi zote!"

"Hapana, nimegusa hii moja tu. Angalia mwenyewe."

"Sasa hii ya juu inawaka namna gani? Hakuna mtu ameiomba!"

Tulikagua mara tatu. Swichi ilikuwa moja. Ndipo tukafuata waya kwa kidole, na tukaona. Umeme ulitoka kwa thermostati ya chini, ukafika pale tulipounganisha waya tatu. Kutoka pale uliingia kwa boila kama tulivyotaka. Lakini pia ulirudi nyuma kwa zile waya mbili nyingine, ukapanda mpaka kwa mota za wenzake, ukazifungua. Umeme hausomi majina tuliyoandika kwa karatasi. Ukikuta njia, unapita, iwe ya kwenda au ya kurudi.

Katika nyumba ya kweli ingekuwa hivi: tangi la maji linaomba joto saa sita ya usiku, na robine zote zinafunguka, na watu wa juu wanaamka wanatoka jasho, gesi inateketea bure. Thermostati tatu tulizoweka zingekuwa kama moja.

4. Kazi ya waya ya machungwa

Mwalimu akatupa neno moja tu: "Ndani ya robine kuna swichi ndogo ambayo hamkuiuliza." Kumbe, zile mbili za akiba ndizo zilikuwa jibu!

Swichi ile ndogo iko katikati ya waya ya kijivu na waya ya machungwa. Haiongozwi na thermostati. Inasukumwa na robine yenyewe, wakati robine imefika karibu na mwisho wa kufunguka. Basi kazi inakwenda kwa zamu, namna hii:

a) Thermostati inaomba: umeme unakwenda kwa waya ya kahawia ya robine yake, na hauendi mahali pengine hata kidogo.
b) Mota inazunguka, njia ya maji inafunguka.
c) Robine ikiwa wazi, inasukuma swichi ndogo. Fazi iliyokuwa ikingoja katika kijivu inapita kwa machungwa.
d) Waya ya machungwa inakwenda kwa boila na kusema: "Waka." Moto unawaka, pompi inasukuma.
e) Chumba kikipata joto, thermostati inakata, springi inafunga robine, swichi ndogo inaachana, machungwa inanyamaza. Kama hakuna sehemu nyingine inayoomba, moto unazima.

Waya tatu za machungwa zinaweza kuunganishwa pamoja bila shida. Kwa nini hizi zinaweza na zile zetu hazikuweza? Sababu nyuma ya kila machungwa hakuna mota. Kuna swichi. Umeme wa sehemu ya chini ukirudi nyuma mpaka kwa robine ya juu, unakuta swichi iliyoachana, na safari inakwisha pale. Hauwezi kufungua kitu.

Tulirudia kwa ubao. Swichi ndogo zile hatukuwa nazo, basi wenzetu watatu waliketi nyuma ya ubao wakawa robine. Kila mmoja aliangalia taa yake. Ikiwaka, alihesabu mpaka kumi kama mota inayozunguka, kisha akabonyeza swichi yake kwa kidole. Ikizima, aliondoa kidole. Tukafunga thermostati ya chini: taa ya chini ikawaka, moja, mbili, tatu, mpaka kumi, akabonyeza, na boila ikawaka. Taa ya juu ilibaki giza. Tulipiga makofi mpaka wa kalasi ya jirani wakaja kuangalia.

Kuna faida nyingine tena, na hii ni ya usalama. Boila haiwaki kwa sababu mtu ameomba. Inawaka kwa sababu njia ya maji imefunguka kweli. Kama mota imekufa na robine haifunguki, machungwa haiongei na moto hauwaki. Si vizuri kuwasha moto chini ya maji yasiyo na mahali pa kwenda, au kuacha pompi ikisukuma milango iliyofungwa.

Na moto ukizima, chuma kinabaki na joto. Kwa hiyo boila nyingi zinaendelea kuzungusha pompi dakika chache. Hizo zinataka fazi ya kudumu pamoja na ile ya machungwa, na pompi inafungwa kwa boila yenyewe, si kwa machungwa. Na kwa kuwa wakati ule robine zote zimefunga, inawekwa njia ndogo ya pembeni ambayo inafunguka yenyewe ili maji yapate kuzunguka.

5. Waya iliyo hai wakati wote wamelala

Sasa tumefika kwa jambo lililotunyamazisha. Mwalimu aliuliza: "Nyumba iko kimya. Saa imekata, thermostati zote zimekata, boila imezima. Je, naweza kushika waya za robine ya juu?"

Wengi walijibu: "Ndiyo, hakuna umeme."

Akasema: "Mmekufa wote."

Waya ya kijivu iko na fazi wakati wote. Hainyamazi kwa sababu thermostati imekata. Inangoja pale mchana na usiku. Na waya ya machungwa ni hatari kwa namna nyingine: robine ya juu ikiwa imefunga na kulala, machungwa yake inaweza kuwa hai, sababu imeunganishwa na machungwa ya chini, na chini wanaomba joto. Unakata thermostati ya juu, unaona robine imefunga, unasema yote imekufa, unagusa, na unapigwa na umeme uliotoka chumba kingine. Volti 230 ya Uingereza haina huruma kuliko 220 yetu.

Hapo kalasi ilinyamaza. Wote tulimfikiri mwenzetu mmoja.

Mnakumbuka mambo ya mwaka uliopita katika chumba cha kulia. Taa ya nyuma ilikuwa imeharibika. Kuzima na kuwasha taa ni kazi yetu sisi makapita. Tuliondoa fyuzi ya chumba cha kulia, tukajaribu taa ya mlangoni, ikawa giza. Tukamwambia mwenzetu: "Panda tu, umeme hakuna." Alipanda juu ya meza, akagusa, akatupwa chini. Mkono ulivunjika mahali pawili. Taa ile ya nyuma ilipata umeme kwa njia ya jikoni, kwa fyuzi nyingine, na hakuna mmoja wetu aliyejua. Tulishukuru kwamba alianguka, sababu kuanguka kulimwachisha ile waya. Leo mkono umepona na anaandika vizuri. Tulikwenda kwake na kwa wazazi wake kuomba msamaha, na walitusamehe. Lakini neno lile "umeme hakuna" lilitoka katika midomo yetu, na hatukuwa na haki ya kulisema.

Kosa letu la chumba cha kulia na kosa letu la ubao ni kosa moja. Mara zote mbili tulifikiri kwamba umeme unakuja kwa njia tunayoijua tu.

6. Wanavyofanya wenye kazi

Kwa ajili ya hatari hiyo, katika nyumba zile kuna kanuni moja: saa, thermostati, robine, pompi na boila vyote vinapata umeme mahali pamoja, kwa swichi moja yenye fyuzi, kwa kawaida ya ampere 3. Swichi ile inakata fazi na nyutro pamoja. Waya zote zinakutana katika sanduku moja la viungo, kila kiungo na namba yake. Fundi anakata swichi ile moja, anaondoa fyuzi, kisha anapima kila waya kwa chombo kabla ya kugusa. Kupima si woga. Hata fundi mzee anapima.

Mwalimu alituonya pia juu ya mambo matatu ambayo hayamo katika kitabu chetu cha zamani.

Kwanza, rangi. Kitabu kinasema kwamba katika kuta za nyumba za Uingereza fazi ni nyekundu na nyutro ni nyeusi. Rangi mpya, kahawia na buluu, ziliruhusiwa katika kuta mwaka 2004 na zikawa za lazima mwaka 2006. Lakini nyumba nyingi bado ziko na waya za rangi za zamani, na zote mbili zinakutana katika sanduku moja. Rangi inaeleza kazi ambayo fundi alitaka. Haiahidi kwamba waya imekufa.

Pili, boila za siku hizi si zote zinataka volti 230 kwa mlango wa amri. Nyingine ziko na viungo viwili vya volti ndogo, kama 24, na zinataka tu viungo vile viguswe pamoja na swichi isiyo na umeme wake yenyewe. Ukiingiza volti 230 pale, sahani ya elektroniki inaungua mara moja. Katika boila za namna hiyo, kijivu na machungwa zinatoka katika viungo vile viwili, na kijivu haiguswi na fazi hata kidogo. Tena kuna kipande kifupi cha waya ambacho kiwanda kimeweka kati ya viungo vile. Usipokitoa, boila inafikiri kwamba inaombwa joto siku zote. Kwa hiyo soma kwanza kijitabu cha boila, ndipo ushike bisibisi.

Tatu, gesi. Uingereza mtu hawezi kufanya kazi ya gesi kwa ajili ya watu bila kuandikwa katika orodha inayoitwa Gas Safe, iliyoanza mwaka 2009. Kujua waya si kujua gesi.

7. Na sisi hapa?

Hatuna boila, na labda wengi wetu hatutaiona. Lakini tuko na umeme wa mji unaokatika na kurudi bila kubisha hodi, tuko na mashine ya mafuta ya kuwasha taa za masomo ya jioni, na tuko na waya zilizoongezwa na watu wengi, kila mmoja kwa mwaka wake. Umeme unaweza kutufikia kwa njia zaidi ya moja. Umeme wa mji ukikatika, mtu anaweza kupanda kwenye taa akisema ni salama, na mwingine nyuma ya nyumba akawasha mashine.

Basi sisi wa sehemu ya umeme, pamoja na mwalimu wetu, tulitumia siku mbili za Jumamosi kufuata kila waya ya chumba cha kulia, jikoni na mabweni, kwa kidole, kama tulivyofanya kwa ubao. Tulichora karatasi moja inayoonyesha kila taa inalishwa na fyuzi gani. Imebandikwa ndani ya mlango wa chumba cha fyuzi. Katika chumba cha kulia tulikuta taa mbili nyingine zinazolishwa na jikoni.

Tena tumepatana kanuni tatu, na mkuu wa shule amezikubali:

— Hakuna mtu atapanda kwenye taa kwa sababu kapita amesema "umeme hakuna". Atapima mwenyewe, au mwalimu atampimia mbele ya macho yake.
— Kabla ya kupanda, mashine ya mafuta nayo inafungwa, na mtu mmoja anasimama karibu nayo mpaka kazi iishe.
— Fyuzi iliyoondolewa haibaki juu ya meza wala mkononi mwa kapita. Yule anayepanda ndiye anakaa nayo mfukoni.

Mwaka huu tunamaliza, na wengine watachukua funguo za taa mahali petu. Ubao wenye taa nne tumeuacha katika chumba cha kazi. Kapita mpya akitaka kuelewa, afunge swichi moja ya mchoro wetu wa kwanza, aone taa zote zikiwaka. Yule mwenzetu wa mkono uliovunjika ndiye aliyeandika kwa kalamu, juu ya ubao ule, maneno haya: "Fuata waya mpaka mwisho."